Fundi Pindo Alivyorudi Kwenye Cherehani

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, kifungua mimba wa seremala na muuza maziwa. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza ushonaji kwa mjomba wake.

Mwaka 1975 alifungua duka lake. Nguo yenye pindo lililokwenda mrama haikutoka mlangoni pake hata mteja alie. Ndiyo asili ya jina. Siku moja mwalimu kijana alipeleka gauni lipunguzwe kiuno. Kila akilifuata, anaambiwa bado kidogo. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979, na ndipo fundi alipokiri kwamba gauni lilikuwa tayari tangu kesho yake.

Tarehe 3 Februari 2021 alipatwa na kiharusi, mguu wa kulia ukalegea. Ndugu waliokuja kumuuguza walimfunika blanketi zito lililokandamiza vidole, wakakataza mguu usiguswe, eti mgonjwa hasumbuliwi. Kifundo kikakakamaa, kisigino kikagoma kugusa sakafu. Mtaalamu wa viungo alipouona alikunja uso. Akamfundisha mkewe kuuvuta wayo taratibu kwa taulo kila asubuhi, halafu akauliza mgonjwa alikuwa na kazi gani. Alipojibiwa, akaagiza cherehani ya miguu iletwe chumbani, bila uzi wala kitambaa. Akanyage tu: kisigino kishuke, vidole vipande.

Hapo yakazuka maneno ya kutia kichefuchefu. Watu waliokula mezani kwake walipita wakinong'ona kuwa mwalimu anamtumikisha mgonjwa kama punda. Mdogo wake hakuona haya kumwambia ana kwa ana, "Kaka, huyu mkeo atakumaliza."

Marehemu hakuacha kukanyaga. "Mdogo wangu," alisema, "wewe ulinifunika. Shemeji yako ndiye aliyenifunua."

Mwaka uliofuata alisimama kwa nyayo zote mbili, akampima bintiye gauni la harusi.

Mazoezi hayakumuua. Kiharusi cha pili kilimchukua usingizini tarehe 21 Agosti 2024, na daktari ameeleza hivyo. Uvumi ulioanza kunuka hata kabla jeneza halijafika nyumbani ni uchafu. Mwenye neno alitamke hapa, mchana huu, mbele yake.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne, na wadogo zake wawili, ambao wote wanakaribishwa kutupa udongo.

Apumzike kwa amani, na midomo imwache apumzike.