Bunduki Ilizama Kweli: Maisha ya Marehemu Yaqdhan bin Muslim

Yanasomwa na mwanawe, Anas, siku ya tatu ya azaa, yaani matanga, Matrah, Alkhamisi, tarehe 5 Februari 2026. Yameandikwa na dadake marehemu, Bi Bakhita, ambaye yuko upande wa wanawake na sauti inamfikia vizuri. Anas ameambiwa asiruke hata mstari mmoja.

Kwa jina la Mola aliyempa na aliyemtwaa, tunamtaja Yaqdhan bin Muslim. Alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 9 Mei 1955. Bakhita alimfuata miaka minne baadaye, na tangu siku hiyo hakumpa nafasi ya kupumua. Alisoma skuli huko huko Unguja, na familia iliporejea Oman mwaka 1974 akamalizia masomo ya jioni hapa Matrah.

Kuanzia 1978 hadi 2009 alikuwa karani wa kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali Al Khuwair. Miaka thelathini na moja, na halikupotea faili hata moja mkononi mwake. Hilo mliweke akilini, litahitajika mbele.

Mwaka 1983 alimuoa Bi Jawaher, wakaishi kwa masikizano. Kila Alkhamisi alikaa barazani akiisafisha bunduki kwa kipande cha kikoi kikuukuu. Siku moja Bi Jawaher akakiokota bila kutazama, akachujia tui. Marehemu alikula wali wake wote, akanywa maji, ndipo akauliza, "Mke wangu, leo umetia mafuta gani? Mbona naijua harufu yake?" Waliicheka hiyo mpaka uzeeni.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba yao, ya zamani, yenye kibali. Mzee aliitoa mwaka 1991 mbele ya watoto wote, akasema, "Hii ni yenu nyote, lakini mwenye kuiweka ni Yaqdhan." Haikuwinda wala haikumtisha mtu. Ilitoka siku za harusi na Idi tu, wanaume wanapocheza na kuimba, naye akiinyanyua juu kama alivyofanya babake.

Mwaka 2018 aliingia katika kundi la simu liitwalo Wapenzi wa Mtutu, watu arubaini na watatu wapendao bunduki za kale, mkuu wao Asaad. Maskini kaka wa watu, alikwenda kuuliza namna ya kutunza mbao! Akakuta salamu yao ni "piu piu". Bunduki haiitwi bunduki, huitwa "mtoto". Mtu akionyesha mpya, kumi wanaruka, "Bibi anajua?" Na akiulizwa anazo ngapi, jibu ni lile lile asubuhi na jioni, "Mimi sina, zote zimezama baharini," kumbe anazo, amezificha. Mzaha wameuokota ng'ambo, wakautafuna miaka mpaka ukaisha ladha, na bado wanautafuna.

Ijumaa, tarehe 12 Novemba 2021, bwana harusi mmoja alitaka afike Bustan kwa boti, kama walivyofika wazee wake. Boti ilipokaribia ufuo, marehemu akiwa ndani na bunduki yake, vijana wote walisimama upande mmoja kujipiga picha. Ikalala. Watu waliokolewa wote, alhamdulillah, lakini bunduki ilikwenda chini. Marehemu alipiga ripoti polisi siku ile ile, kanzu haijakauka, kisha akaandika kwenye kundi: "Ndugu zangu, bunduki ya marehemu baba imezama Bustan. Nnaomba mwenye kumjua mpiga mbizi anisaidie."

Haya ndiyo majibu, yamechapwa kama yalivyoandikwa. "Hahaha, hata wewe mzee!" "Piu piu chini ya maji." "Bibi anajua?" Akaandika, "Wallahi nasema kweli." Asaad akamjibu, "Sote tunasema kweli hapa, mzee wetu." Hakuna aliyemtajia mpiga mbizi. Baada ya wiki Asaad akaongeza kuwa mzee ameuza urithi wa watu, anajificha nyuma ya mzaha, na maneno yakatoka kwenye simu yakaingia majumbani. Harusi ya Rawya, bintiye, Disemba 2022, marehemu alicheza na bakora mkononi. Wakampiga picha wakaandika, "Piu piu ya mbao." Mungu anawaona.

Maneno hayo yalifika kwa Bakhita pia. Alikwenda kwa kaka yake, akamkuta anakunywa kahawa, akamuuliza, "Kaka, niambie mimi tu. Umeiuza?" Akaweka kikombe chini. "Hata wewe, Bakhita?" Tangu siku hiyo, Alkhamisi hakukaa tena barazani.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Novemba iliyopita wapiga mbizi waliokuwa wakitoa nyavu zilizotupwa Bustan waliiinua bunduki, polisi wakalinganisha nambari na ripoti yake, wakamwita Anas aichukue. Alimpelekea babake hospitali picha. Marehemu aliitazama sana, akasema, "Usiipeleke kwenye kundi, mwanangu. Watacheka." Alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, akazikwa siku hiyo hiyo.

Anas amemtii babake, picha hakuipeleka. Bakhita hakukatazwa kitu. Alipopata habari kuwa Wapenzi wa Mtutu wanakuja leo kwa magari kumi, alikwenda kuchapisha nakala mia mbili za karatasi hii.

Marehemu ameacha mke, Bi Jawaher, watoto wawili, Anas na Rawya, wajukuu watano, na dada mmoja. Bunduki imewekwa mezani karibu na mlango, imeliwa na chumvi. Kila anayetoka ataipita. Asaad atangulie, maana hupenda kutangulia, na aiguse kwa mkono wake. Kama ana la kuchekesha, aliseme hapo, watu wamsikie. Bakhita ataigusa wa mwisho, wanaume wakishaondoka, kwani kosa lake ni kubwa kuliko lenu. Nyinyi mlimjua kwa simu. Yeye alilelewa naye nyumba moja.

Mola ampumzishe Yaqdhan kwa amani. Sisi ambao hatukumsadiki, atucheleweshee amani yetu.