Mzee Kipdrai na Ufunguo Wake

Wewe uliyeshika karatasi hii, nakusihi uikunje iingie ndani ya ratiba ya sherehe kama ulivyoikuta, ukaisome nyumbani. Usimsomee mtu kwa sauti, hasa karibu na dirisha la ofisi ya utumishi. Neno moja likivuja kabla ya Ijumaa, watakaoumia ni zaidi ya mmoja. Wasifu mwingine umekwisha kupigwa chapa katika ratiba hiyo, na ndani yake mna sentensi inayosema kwamba mzee wetu anairudisha nyumba ya kampuni kwa hiari yake. Si kweli. Wasifu wake wa haki ni huu.

Mzee Bulle Wehliye, mtunza stoo wa Kiwanda cha Mablanketi cha Nyota Saba, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Machi 1984, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Isili, mtoto wa muuza maziwa, akaingia hapa mwaka wa 1952 kubeba marobota ya sufu. Kiingereza chake cha kwanza alikisoma kwenye marobota hayo. Kila moja lilikuwa na picha ya mwavuli na maneno “Keep dry”. Aliuliza maana, akaambiwa ni kwamba mzigo usilowe. Tangu hapo, mawingu yakijikusanya upande wa Ngong, alikuwa akitoka mlangoni akiita “Kip drai, kip drai”, na wapakizi wakakimbilia maturubali. Watoto wa landhi zetu, nyumba hizi za wafanyakazi hapa nyuma ya soko la Kariokor, wakamwita Mzee Kipdrai. Wengi wao leo wana watoto wao, na hawajui kama ana jina jingine.

Alilipenda neno hilo “keep”, akawa analikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Barabarani aliliona likimwambia dereva apite kushoto. Kwenye bustani ya meneja lilimkataza kukanyaga nyasi. Mwalimu wa watoto wake alilitumia kunyamazisha darasa, na mkewe, Mama Ambaro, alipoanza kufuga kuku, tangazo la kampuni likatumia neno lilelile kuwapiga kuku marufuku. Kuhusu kumfanya mtu asubiri, matumizi hayo ofisi yetu inayajua kuliko yote. Mzee alikuwa akisema kwamba Mzungu ana neno moja tu, amelifanya mkokoteni wa Muthurwa: leo limebeba viazi, kesho makaa, Jumamosi limebeba bibi harusi na kabati lake.

Stoo yake haikupata kuungua, kulowa wala kuliwa na panya. Alikuwa akiingiza pua katikati ya mablanketi na kutaja lililo na unyevu kabla halijafunguliwa. Siku moja alimrudisha mlangoni mkurugenzi mgeni aliyeingia na sigara inayowaka, akamshikia sigara hiyo nje, kwa heshima zote, mpaka mgeni alipomaliza ukaguzi. Yule mkurugenzi alicheka. Afisa wetu wa utumishi wa sasa asingecheka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Desemba 1975 tulikuwa na sherehe ya Krismasi katika ukumbi wa kufumia, ambayo pia ilikuwa ya kumuaga meneja wa wakati huo, Bwana Pettifer. Nasema tulikuwa, ingawa mimi nilikuwa bado shuleni. Nimesimuliwa na waliokuwapo. Watunza stoo walikuwa wameambiwa kwamba mwaka mpya ukiingia wahame landhi. Mzee Bulle, mtu wa utaratibu, alitoka mbele ya watu wote, akamnyooshea meneja ufunguo wa nyumba yake. Bwana Pettifer hakuupokea. Aliufumba mkono wa mzee juu ya ufunguo, kidole kwa kidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: “No, Bulle. You keep it.” Ukumbi ulipiga makofi. Mama Ambaro alipiga vigelegele.

Mzee aliliamini neno hilo. Alitia sakafu ya simiti, akajenga jiko la mawe, akapanda mbono uani. Ploti zilipogawiwa Dandora, rafiki zake walimsukuma aombe. Alikataa, akasema mtu mwenye nyumba asipange foleni na wasio nayo. Leo hana ploti, na Bwana Pettifer alirudi kwao, akafia huko.

Mwezi uliopita afisa wa utumishi alimwita, akamwambia afungashe. Mzee alipomkumbusha maneno ya meneja, afisa aliitisha wafanyakazi wote uani ili atufundishe Kiingereza. Alisema “keep” maana yake ni kutunza, basi. Mzee alipewa nyumba aitunze, kama alivyotunza stoo, na hakuna mtunza stoo anayeirithi stoo. Kisha, akijua kwamba vijana wanapenda mpira, akaongeza:

“Hata kipa hudaka mpira, Mzee. Umewahi kumwona akienda nao nyumbani?”

Waliokuwa karibu naye walicheka, maana kucheka ni sehemu ya kazi yao. Mzee Bulle alisimama kofia mkononi.

Nimesoma mpaka kidato cha sita, na nasema kwa hasira niliyoshindwa kuimeza: ule ni uongo uliovaa tai. Mtu akikunyooshea kitu akurudishie, nawe ukamfumba mkono ukamwambia “keep it”, hapo neno halina njia panda. Maana yake usirudishe, ni chako. Afisa analijua hilo. Analitumia kila asubuhi. Akinunua mandazi kwa Waithera pale getini humtupia shilingi, kisha humwambia, bila kumtazama, “Keep change,” yaani chenji ni yake.

Waithera naye alikuwa amesimama uani siku ile. Kesho yake afisa alipotupa shilingi yake na maneno yake, Waithera aliifunga chenji ya senti hamsini katika kipande cha gazeti, akaitia kwenye mkebe wa kakao. Siku ya nne akamfungulia mkebe mbele ya zamu nzima iliyokuwa ikiingia.

“Bwana Afisa,” alisema kwa upole, “chenji yako nimeitunza vizuri. Sasa nikutunzie mpaka lini? Nami nina watoto, na mkebe unajaa.”

Afisa hajanunua mandazi tena. Badala yake ameagiza Waithera aondolewe getini mwisho wa mwezi. Yaani neno moja la Kiingereza sasa linawafukuza watu wawili.

Na Ijumaa, kati ya wimbo wa kwaya na chai, ratiba inasema: “Mstaafu akabidhi ufunguo.” Wanataka mzee autoe kwa mkono wake mwenyewe, ukumbi uleule, watu wakipiga makofi. Wakwe zake watakuwa wamekaa safu ya mbele. Mzee ameniambia kwamba akiitwa ataunyoosha kama alivyounyoosha zamani, kwa sababu hajui kubishana mbele ya wageni.

Hatutaki afike hapo. Chege wa chama cha wafanyakazi atalipeleka jambo hili mbele ya wakurugenzi Alhamisi. Yeye mwenyewe alikuwapo mwaka ule, lakini afisa amekwisha kusema kwamba mtu wa chama hawezi kuwa shahidi. Anatakiwa mfumaji, mpakizi, mpishi wa kantini, yeyote asiye na cheo, aliyesikia maneno yale na kuuona mkono ukifumbwa. Najua mko. Najua pia kwa nini mmenyamaza, kwa kuwa nami nina mama anayenitegemea, na karatasi hii naiandika mgongo ukiwa umeelekea mlango.

Mzee Bulle, umetukinga na mvua miaka hii yote. Asante kwa kila blanketi lililomfikia mtu likiwa kavu. Mungu akupe wewe na Mama Ambaro uzee wa amani, kwenye sakafu uliyoitia wewe, chini ya paa lenu.

Nawe shahidi, usije ofisini kunitafuta, wala usitaje jina langu. Kabla ya Alhamisi nenda getini kwa Waithera, nunua andazi moja kwa shilingi, umwambie akutunzie chenji. Ataelewa. Atakuonyesha fundi wa akala pale Kariokor ambaye mimi hukaa kwake saa ya chakula, nikijifanya kiatu changu kinashonwa. Njoo ukae benchi hilohilo. Nitakuuliza ulisikia neno gani, nawe unijibu kama lilivyosemwa.