Ngamia wa Stuli

Kwenye probox, gari la abiria la kwenda Burat, Mama Dahir alipakata bango jipya la duka lake la maziwa ya ngamia, picha ya mtu akikama ngamia, imechorwa na AI. Abiria wa kando yake, fundi wa kuchora mabango, vidole vimejaa rangi, aliliangalia akashtuka.

"Mama, huyu anakama ngamia akiwa amekaa kwa stuli! Si ngamia hukamwa umesimama?"

"Najua, fundi."

"Na bado utalitundika?"

"Lile la zamani lilichorwa sawasawa, na hakuna mtu aliliangalia. Hili nimelishika tu pale stegi, watu wakasimama kucheka, maziwa yote niliyobeba yakaisha."

Mimi, kiti cha nyuma, nilimwonea fundi huruma, lakini chupa ya maziwa niliyonunua kwa Mama pale stegi ilikuwa mkononi.

Gari liliposimama, fundi akamwinamia. "Mama, nipe hiyo kazi. Nitakosea kushinda hiyo mashine."