Mrushaji Aliyeuchosha Mpira

Baada ya miaka thelathini na sita katika idara ya ufungashaji, Bi Tofali anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kiwanda chetu cha sabuni kinaagana na msimamizi. Timu yetu ya softboli inaagana na mrushaji aliyeiletea kombe mara tatu. Nimeombwa niandike mimi, niliyekuwa mdakaji wake, wa kuipokea mipira yake kwa glavu nyuma ya mpigaji, kwa sababu wengi wa kikosi kile wametangulia mbele ya haki, nami niko kwenye foleni.

Jina lake alilipata kihalali. Baba yake alikuwa mwashi. Yeye, kifungua mimba, akitoka shule alisimama chini ya jukwaa na kumrushia mzee matofali kwa mkono wa kutokea chini, kama urushwavyo mpira wa softboli. Mzee hakugeuka: macho kwenye uzi wa ukuta, kiganja wazi ubavuni. Alimfundisha bintiye jambo moja tu, kwamba tofali lifike mkononi limechoka. Likifika na nguvu huvunja vidole. Likipungukiwa humrudia aliyelirusha.

Alipoajiriwa hapa, kocha alimwona akirusha katoni juu ya lori, akamvalisha jezi wiki ileile. Mechi ya kwanza ilikuwa karamu ya wapigaji. Mipira ilifika imechoka kama matofali ya baba, nao wakaipiga kwa gongo hadi paa la bohari. Kocha nusura alie. Lakini msimu mmoja ulimtosha kujifunza kinyume cha mafunzo ya nyumbani, na baada ya hapo wapigaji waliusikia mpira kwenye glavu yangu kabla hawajauona.

Sasa niseme jambo ambalo hotuba za kumuaga hazitalisema. Msimu uliofuata jicho langu la kushoto lilianza kufifia. Sikumwambia mtu. Timu ndiyo iliyotupa ajira ya kudumu, na mdakaji asiyeona angerudi kibaruani. Bi Tofali aliniona nikigeuza shingo kama kuku anayemchungulia mwewe, akaniuliza. Nikakana. Hakubishana.

"Dada," alisema, "wewe fungua glavu tu. Kuufikisha ni kazi yangu."

Tangu siku hiyo alipunguza kasi na kuuweka kila mpira pale nilipofungua glavu. Makombe yote matatu tuliyapata hivyo, kwa shabaha. Kisha wakaja wateuzi wa timu ya taifa. Kocha alimsihi atumie mdakaji mwingine siku hiyo moja, arushe kwa kasi yake ya zamani. Alikataa, akasema amenizoea mimi. Wateuzi wakaondoka wakisema mkono wake umekwisha, na hapa kiwandani wimbo huo umeimbwa miaka yote, nami nikiitikia.

Mkono ule haukuwa umekwisha. Uliuchosha mpira kwa ajili yangu.

Kila nilipotaka kumwomba radhi, aliniuliza habari za wajukuu. Lakini siku hizi daktari wangu hazungumzii tena miaka, basi naomba hapa, mbele ya wenzetu wote. Nisamehe, mdogo wangu.

Mwezi ujao anaanza kuwafunza wasichana wa shule ya jirani. Tunakushukuru, Bi Tofali, na tunakuombea afya, kicheko na siku ndefu. Wadakaji wa kule wana macho mazima. Rusha kwa nguvu zako zote.