Sylvanus, Athman na Meli ya Madaktari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Sylvanus Wanzala, fundi wa redio wa hapa Kakamega. Sylvanus alizikwa jana kwao Navakholo, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Huenda hata redio unayonisikiliza nayo sasa aliwahi kuifungua na kuifunga kwa mikono yake.

Sylvanus alisomea ufundi katika chuo cha Sigalagala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, na chumba cha pili alikigeuza ukumbi wa video. Kila Jumamosi mchana tulijaa pale kwenye mabenchi kutazama hadithi za anga za juu, zile ndefu zinazoendelea miaka nenda, miaka rudi.

Hadithi zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliiita Meli ya Madaktari. Ilikuwa habari ya zahanati inayoruka kutoka sayari hadi sayari ikitibu wagonjwa. Ya pili tuliiita Ukoo wa Mwezini, habari ya familia iliyolima mwezini vizazi vinne. Sylvanus alikuwa wa Meli. Rafiki yake Athman, fundi cherehani aliyetoka Mumias, alikuwa wa Ukoo. Mimi, wacha nikiri hewani, nilikuwa upande wa Athman.

Walibishana hao!

"Madaktari wako wanatangatanga tu," Athman alikuwa akisema. "Hawana shamba, hawana kaburi la babu. Ni watu gani hao?"

Naye Sylvanus: "Na wako wamegombania shamba mpaka vizazi vinne. Hiyo si naionanga bure huko Navakholo?"

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwaka wa 1994. Sylvanus alikuwa akitusimulia sifa za Meli. Akasema ilitua kwenye sayari ya barafu ikiwa nzima kabisa.

Athman akaruka juu. "Nzima? Bawa lilikuwa limekatika! Jamani, huyu hajatazama hata hiyo kaseti. Anabishia kitu hajaona!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka. Sylvanus alizima mashine, akatuambia tutoke.

Ukumbi ukafungwa. Kwa miezi minane, wasikilizaji, miezi minane, Sylvanus na Athman hawakusalimiana. Mtaani tulisema ni kiburi.

Hakikuwa kiburi. Sylvanus alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Redio za watu alikuwa akizitengeneza kwa kupapasa. Aliogopa wateja wakijua watamkimbia, kwa hiyo alimficha kila mtu jambo hilo isipokuwa mkewe, Rosebella.

Rosebella alichoka kuficha. Alimfuata Athman kwenye cherehani yake. "Shemeji," akamwambia, "Sylvanus haoni. Siku ile mlimcheka, alikuwa anasikia sauti tu."

Athman aliacha suruali ya mtu chini ya sindano, akaondoka naye saa hiyo hiyo. Rosebella anakumbuka: "Alisimama mlangoni, akatoa salaam. Mzee wangu akamwambia, 'Ingia basi, unaziba huo mwanga kidogo nilio nao.'"

Tangu siku hiyo Athman alikuja kila Jumamosi. Aliweka kaseti za Meli ya Madaktari, hadithi asiyoipenda, na kumweleza rafiki yake kila picha. "Sasa daktari anashuka ngazi. Amekunja uso." Katikati ya wiki alizunguka akiulizia matibabu, hadi akapata hospitali ya misheni yenye daktari wa macho. Sylvanus aliogopa kisu. Athman akamwambia, "Nitakaa nje ya mlango. Ukiniita nitasikia."

Alifanyiwa upasuaji mwaka wa 1995. Bandeji ilipotolewa, Sylvanus alimtazama Athman, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!"

"Mimi nilikaa chini sakafuni," anasema Rosebella. "Mzigo wote ule, kumbe umeshuka!"

Aliporudi nyumbani, Sylvanus alizitazama upya kaseti zote. Siku ya tatu akampigia Athman kelele. "Wewe! Uliniambia daktari mkuu ameacha kazi akaenda kulima mwezini! Mbona yuko hapa anatibu watu?"

Athman akajibu, "Nilikuwa namtafutia shamba tu, ndugu yangu."

Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Ukumbi ulifunguliwa tena. Siku ya kwanza niliingia nikiwa na aibu, nikajificha benchi la mwisho. Sylvanus akaniita kwa jina, akanishika mkono. Nikasema, "Nisamehe, mzee." Akanisogezea kiti karibu na chake.

Jumanne iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Sylvanus alipumzika kitini na hakuamka tena. Moyo ulisimama. Hakuumwa.

Rosebella ameniambia hivi: "Nimelia, lakini nimetulia. Miaka hii mitatu tangu upasuaji alituona nyuso zetu. Kama angeondoka na ile hasira, ningebaki na nini?"

Kwa Rosebella, kwa watoto wao Alice na Wanjala, na kwako Athman, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Mungu awatie nguvu.

Nawe msikilizaji mpendwa, labda kuna mtu amekukasirikia na hujui sababu. Usingoje miezi minane. Zima redio hii, nenda ukamuulize ana shida gani.