Bomba la Chini ya Bampa

Injini hazikumhusu kabisa mshonaji mmoja, lakini safari ilikuwa ndefu na basi lilikuwa kimya, hivyo masikio akayaelekeza kwenye kiti cha mbele. Hapo mwalimu kijana alikuwa akimwonyesha mzee mmoja asiyejuana naye, mwenye kofia, picha kwenye simu za mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini ya gari.

"Nichukue hili la juu, au hili linaloshuka hadi chini ya bampa?"

"La chini, mwanangu!" mzee akajibu bila kusita. "Huko juu ni joto tupu la injini. Chini linavuta hewa baridi, gari linanguruma mpaka unajisikia mtu."

"Na barabara ikijaa maji ya mvua?"

"Aa, unapita polepole tu."

Kijana akamtazama. "Kwani mzee wangu, gari lako liko wapi leo?"

Mzee akavua kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwepo. "Kwa fundi. Lilikunywa maji."

Mshonaji akauma mtandio asicheke. Basi liliposimama, mzee alishuka, kisha akageuka mlangoni. "Lakini zile siku tatu lilizonguruma, mwanangu! Mtaa mzima ulitoka nje."

Mwalimu akabaki na simu yake. Mshonaji akachungulia, akaona kidole kimerudi kwenye lile la chini.