Keji Arudishiwa Jina la Baba

Katika pikapu ya Koboko kwenda Arua, Mariam Poni alimwonyesha barua kila abiria, mimi mara mbili. "Mutoto yangu Keji iko anaingia yunivasiti!"

Ukimbizini Zaire, Keji alisoma kwa jina la mjomba, maana marehemu baba yake alikuwa sajini wa jeshi lililoangushwa 1979. Sasa ofisi ya udahili Kampala imepokea kiapo cha mama na kumrudishia la baba.

Léontine, muuza vitenge, hakupendezwa. "Jina ya askari italetea yeye matata. Mungeacha ya mjomba."

"Mjomba alificha yeye. Hakuzaa yeye."

Kwenye kizuizi cha barabarani cha Manibe gari likasimama. "Barua ya nani?" akauliza mwanajeshi. Léontine akatazama miguu yake.

Mariam akasimama. "Keji Tombe," akasoma. Kisha, bila kuulizwa: "Tombe!"